Ndoo ya Saa Kumi Alfajiri: Shajara ya Muhula wa Januari Kampasini

Mimi ni mkuu wa kampasi ya chuo chetu hapa Kisauni, Mombasa. Ripoti rasmi ya muhula nimeshaituma makao makuu, na majedwali yake yote. Yaliyomo humu ni maandishi ya daftari langu, niliyokuwa nikiyaandika usiku baada ya kazi, wiki baada ya wiki. Nimeyapunguza kidogo na kuondoa majina ya watu. Mengine nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Wiki ya 1

Muhula umefunguliwa katikati ya kaskazi. Saa saba mchana hata kivuli cha mwarobaini mbele ya ofisi hakisaidii, na wanafunzi wapya wamepanga foleni ya usajili huku wamejifunika vichwa kwa bahasha zao za vyeti.

Nimeagiza fomu za mahudhurio za muhula uliopita, zote, nizisome mwenyewe kabla ya kupitisha ratiba mpya. Nia yangu ilikuwa kuwajua wahadhiri wanaokosa vipindi. Nimekaa nazo tangu baada ya Magharibi mpaka saa nne usiku, na kilichojitokeza si nilichokuwa nakitafuta. Vipindi vya saa mbili asubuhi vina mapengo, na mapengo hayo yamejikusanya mahali pamoja. Majina ni ya wasichana, tena wa bweni. Jumatatu wapo. Jumatano wapo. Alhamisi nusu yao hawapo, na Ijumaa ndiyo mbaya zaidi. Vijana wanaovuka feri kutoka Likoni kila alfajiri, kisha wakapanda matatu mbili, wanafika. Wasichana wanaolala hatua mia tatu kutoka darasani hawafiki.

Nilipomuuliza mmoja wa makarani wetu, alinijibu, "Mwalimu, watoto wa siku hizi ni usingizi." Jibu hilo halikunikaa. Usingizi haujui Alhamisi.

Wiki ya 2

Nilimwita mlezi wa bweni la wasichana nikamwonyesha fomu. Hakuzitazama hata dakika. "Njoo uone mwenyewe," akasema. "Lakini uje Alhamisi saa kumi alfajiri. Ukija saa tatu na tai yako utakuta wameshamaliza kulia."

Nimekwenda. Nyuma ya bweni kuna tangi la ardhini la zamani, la lita 8,000, na mfereji mmoja unaotoka kwenye pampu yake. Pampu ilikuwa imezimwa kwa sababu inavuta hewa. Wasichana walikuwa wamefunua mfuniko wa tangi, mmoja amelala kifudifudi ukingoni, leso kiunoni, anateka kwa kopo lililofungwa kamba. Kopo linashuka, linakwaruza sakafu, linapanda na maji ya kiasi cha vikombe viwili, yanamiminwa ndooni. Nilihesabu: ndoo moja ilimchukua makopo kumi na tisa, na haikujaa. Nyuma yake ndoo zilikuwa zimepangwa mstari mpaka kona ya jengo, nyingine zina mwenyewe, nyingine zimewekwa tu na kipande cha karatasi chenye namba ya chumba. Waliponitambua walinyamaza. "Shikamoo mwalimu," mmoja akasema kwa haya, akivuta leso yake begani, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Hilo limeniuma kuliko kopo.

Kufikia saa kumi na mbili tangi limekauka na ndoo zaidi ya arobaini hazijapata kitu. Wenye uwezo wakaenda langoni kumsubiri mzee wa mkokoteni. Mtungi wa lita 20 ni shilingi 40, na msichana mmoja anahitaji angalau mmoja kwa siku. Asiye na pesa hungoja. Mlezi akaniambia waziwazi, maana ni mtu mzima na hana haja ya kuzungusha maneno: "Aliye hedhini hawezi kuja darasani bila maji, mwalimu. Humuoni, unamwandikia kuwa hakuja. Basi."

Nimekuwa mkuu wa kampasi hii kwa miaka mitatu na hakuna aliyewahi kuniletea jambo hili mezani. Au huenda lililetwa likaandikwa "matengenezo madogo", nami nikalipitia kwa haraka. Nalikiri hapa.

Wiki ya 2, Jumamosi

Nimeichora picha nzima ya maji yetu ili niielewe. Mombasa haina mto wake. Kisiwa na sehemu kubwa ya pwani yake vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji matamu yaliyo chini ni tabaka jembamba lililoelea juu ya maji ya bahari. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda. Ndiyo maana mji huu umekunywa maji ya mbali tangu zama za ukoloni: ya Marere kutoka milima ya Shimba, ya Mzima kule Tsavo Magharibi, yanayotokana na mvua iliyonywewa na mawe ya milima ya Chyulu na kusafirishwa kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 1950, ya visima vya Tiwi, na ya Baricho kando ya mto Sabaki. Sisi wa Kisauni tunategemea ya Baricho. Yale yanasukumwa kwa pampu za umeme. Umeme ukikatika au bomba likipasuka njiani, sisi huku tunajua kabla ya habari kutangazwa.

Kwetu maji ya mji hufika Jumapili usiku na Jumanne usiku. Sasa fomu za mahudhurio zinasomeka zenyewe. Jumanne usiku tangi linajaa, Jumatano watu wanaoga na kufua, Alhamisi alfajiri kilichobaki ni cha kopo, Ijumaa hakuna kitu. Wasichana ni 180.

Kisima chetu tunacho, lakini maji yake ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu na nguo nyeupe inageuka rangi. Fundi mkuu anasema yanafaa kwa vyoo tu. Nakubaliana naye.

Wiki ya 3

Hesabu. Nilipanda ngazi na utepe pamoja na wanafunzi wawili wa uhandisi wa ujenzi tukapima paa la bweni: mita 42 kwa 12, yaani mita za mraba 504. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukitoa kinachorukia nje na kinachokaukia kwenye bati, unabaki na kama asilimia 85. Mombasa hupata milimita elfu moja na kidogo kwa mwaka, nyingi zikianguka kati ya Aprili na Juni, Mei ikiongoza. Nikichukua 1,050, paa lile pekee linamwaga karibu lita 450,000 kila mwaka. Tumekuwa tukiziacha ziende baharini, na njiani zinachimba uwanja wetu wa mpira.

Si muujiza. Kwa lita 20 kwa kila msichana, lita 450,000 ni siku 125. Na lita 20 ni za kujisitiri tu. Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100 kwa mtu ili mahitaji yake ya msingi yatimie. Lakini siku 125 ni zaidi ya muhula mzima.

Pesa ni hapa. Katika bajeti ya mwaka tulikuwa tumeweka fungu la lango jipya: tao la zege, nembo, taa. Niliupitisha mpango huo mimi mwenyewe mwaka jana na nilikuwa nimeshaanza kulipenda lile tao, maana mgeni akiingia anaona kazi imefanyika. Kwenye kikao cha Jumatano nilipendekeza lango lisubiri. Mjadala ulichukua saa mbili na nusu. Mjumbe mmoja, mtu ninayemheshimu, alisema sifa ya chuo huanzia mlangoni, na kwamba wazazi wanaoleta watoto huangalia mlango kwanza. Nikamwomba mlezi wa bweni aingie. Aliingia na lile kopo na kamba yake, akaliweka juu ya meza, akaeleza kwa sauti ya chini kama anavyoeleza siku zote. Hakumlaumu mtu. Yule mjumbe ndiye aliyeunga mkono hoja wa kwanza.

Wiki ya 4

Karatasi, sahihi, zabuni. Sina la kuongeza.

Wiki ya 5 na 6

Kazi imeanza, na naiandika kwa raha.

Tumekubaliana wanafunzi wa stashahada ya ujenzi na mabomba waifanye kama sehemu ya mafunzo yao ya vitendo, chini ya fundi mkuu. Fundi alisomea iliyokuwa Mombasa Polytechnic pale Tudor, ambayo tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na ana namna yake ya kufundisha: hasemi mpaka umekosea. Vijana walileta pima maji ya dijitali. Akaitazama, akairudisha kwenye boksi, akachukua mpira mwembamba mrefu unaopenyeza mwanga, akaujaza maji na kuutoa hewa yote. Kijana mmoja akashika ncha hii juu ya ngazi, mwenzake ncha ya pili mwisho wa jengo. "Maji hayaongopi. Yakitulia huku na kule, weka alama." Wakaweka alama kwa penseli. Kutoka hapo wakashuka sentimita 5 kwa kila mita 10, wakavuta uzi, na gata zikafuata uzi.

Wazee wa Mji wa Kale huliita gata mlizamu, na nyumba zao nyingi zilikuwa na mlizamu wa kumwaga maji ya mvua kwenye birika. Nimewaambia wanafunzi neno hilo walitumie kwenye ripoti zao. Kuvuna maji ya mvua ni ujuzi wa pwani hii hii. Ni sisi tuliouacha bomba lilipokuja.

Mambo matatu tumeyabishania. La kwanza, vifaa: upepo wa bahari unakula chuma, hivyo gata ni za plastiki ngumu na vishikizo vimepakwa rangi mara mbili. La pili, paa la bweni dogo la zamani tumeliacha, kwa kuwa ni la asbestosi, na sitaki maji yake yamguse mtu. La tatu ni kunguru. Mji huu umejaa kunguru wa Kihindi, jamii iliyoletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ikaenea pwani nzima, na juu ya bweni letu wanalala mamia. Kinyesi chao hukaa kwenye bati miezi yote ya kiangazi. Kwa hiyo mvua ya kwanza haiingii tangini. Nusu milimita ya mwanzo, ambayo kwa paa letu ni kama lita 250, inaingia kwenye tangi dogo la pembeni; likijaa, boya linapanda na kuziba, ndipo maji safi yanapogeukia matangi makubwa. Tangi dogo lina koki chini ya kulimwaga taratibu.

Matangi makubwa ni matatu, ya lita 10,000 kila moja, meusi ili mwanga usiingie na ukungu wa kijani usiote. Kila tundu lina wavu. Hilo la wavu nimelisimamia mwenyewe, nikapitisha kidole kila ukingo. Mombasa tumepata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2017, na chikungunya ikafuata mwishoni mwa mwaka huohuo, na mbu wa magonjwa hayo huzaliana kwenye maji safi yaliyohifadhiwa nyumbani. Kuwapa wasichana maji na homa kwa pamoja kungekuwa dhambi.

Wiki ya 7

Ramadhani imeingia. Tumesogeza vipindi vya mwisho ili watu wafike nyumbani kabla ya futari, na kantini inafungua saa tisa usiku kwa daku.

Matangi yamekamilika na hakuna hata wingu. Nilidhani tutakaa tukitazamana na mbingu mpaka Aprili. Fundi mkuu akaja na wazo ambalo nilipaswa kuwa nalo mimi tangu wiki ya 2. Maji ya mji, alisema, yanapokuja Jumapili na Jumanne hutiririka usiku kucha. Tangi la zamani hujaa kufikia saa tano, boya linafunga, na saa zote zilizobaki mpaka alfajiri maji yanapita mlangoni kwetu yakienda zake. Tuliyaunganisha matangi mapya na bomba hilo kwa siku mbili. Jumanne usiku nilikaa pale na mlezi na wasichana kadhaa baada ya tarawehe, tukisikiliza. Saa tano ikapita, saa sita ikapita, na maji yakawa yanaendelea kuingia.

Alhamisi saa kumi alfajiri nilikwenda tena nyuma ya bweni. Hapakuwa na ndoo hata moja. Palikuwa na mlezi peke yake, amekaa kwenye kizingiti, anakunywa maji yake ya daku.

Wiki ya 9

Jambo la pili la muhula huu, ambalo nimelipa jioni zangu nyingi, ni alama zinazokosekana. Kila aliyesoma chuo kikuu Kenya anajua maana yake: umefanya mtihani, umesaini karatasi ya mahudhurio, lakini kwenye matokeo pana nafasi tupu. Nafasi moja tupu inatosha kukuzuia kuhitimu. Muhula ulipoanza, orodha yetu ilikuwa na wanafunzi 52, wengine wa miaka minne nyuma.

Hakuna mfumo wa kompyuta utakaokutatulia hili peke yake, kwa sababu kosa huwa limetokea kabla ya kompyuta. Nimeona sababu zake moja moja. Mhadhiri wa muda aliondoka na karatasi kwa kuwa hajalipwa. Mwanafunzi hakusajili somo lakini alilisoma na kulifanyia mtihani. Majaribio ya katikati ya muhula, yenye asilimia 30, yaliingizwa, na mtihani wa asilimia 70 ukasahaulika. Bahasha iliwekwa kwenye kabati la idara nyingine.

Nimeunda kikundi cha watu wanne, na kila Ijumaa tunachukua majina matano. Tunashika karatasi kwa mikono. Kijana mmoja nitamkumbuka. Alimaliza masomo yake, akakosa alama ya somo moja la umeme, akapitwa na mahafali mawili. Tulipofungua bahasha ya darasa lake karatasi yake haikuwemo. Karani kijana, ambaye ana subira ya mshonaji, akaanza kufungua bahasha za masomo mengine yaliyofanywa ukumbi ule siku ile. Katika ya tatu akaikuta. Imesahihishwa, ina alama 61. Kijana alikuwa ameandika namba yake ya usajili kwa kugeuza tarakimu mbili za mwisho, na msimamizi akaifuata namba badala ya jina.

Nilimpigia simu mwenyewe. Anafanya kazi ya kupakia mizigo ghalani huko Changamwe. Nilipomwambia, kulikuwa na kimya kirefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mwalimu, mama yangu yuko hapa. Tafadhali mwambie wewe, mimi hataniamini." Nikamwambia mama yake. Sikuandika kitu kingine usiku ule.

Wiki ya 10 mpaka 12

Idi imepita salama. Mtahini wa nje amekuja, ametaka maswali ya masomo mawili yabadilishwe, yamebadilishwa. Karakana ya kuchomelea imepata vioo vipya vya uso. Vya zamani vilikuwa vimepasuka na ilikuwa hatari. Timu ya mpira wa wavu ya wanawake imefika nusu fainali. Maktaba sasa inafungwa saa nne usiku badala ya saa mbili, na nimeambiwa viti havitoshi, ambalo ni tatizo ninalolipokea kwa mikono miwili.

Fomu za mahudhurio nazisoma bado. Kipindi cha hisabati ya uhandisi, Alhamisi saa mbili: daftarini kuna wasichana 31. Wiki ya kwanza ya Alhamisi hizo walifika 14. Wiki ya 11 walifika 28. Mhadhiri wa kipindi hicho, bwana asiyesema mengi, alinisimamisha kwenye korido akaniambia tu, "Daktari, wanauliza maswali sasa."

Wiki ya 13

Mvua.

Ilianza Jumamosi saa tisa alasiri, kutoka upande wa bahari. Kwanza upepo wa baridi, kisha harufu ya vumbi lililolowa, kisha kelele juu ya bati ambayo hukuweza kusikia mtu akizungumza. Wanafunzi wa mradi walitoka mbio na kipimamvua chao, na mimi nikatoka nao na viatu vya ofisini. Tangi dogo lilipokea maji yenye rangi ya chai ya rangi, likajaa, boya likafunga kama lilivyotakiwa. Tukapiga kelele za furaha.

Furaha yetu ilidumu kama dakika kumi. Mvua ilipokaza, maji yakaanza kumwagika kwenye kona ya kaskazini kama pazia. Majani makubwa ya mti wa mkungu yalikuwa yamedondoka kwa ule upepo wa mwanzo yakaziba mdomo wa paipu, na paipu yenyewe ilikuwa nyembamba kwa paa refu kiasi kile. Kishikizo kimoja kiling'oka, gata ikaning'inia. Fundi mkuu alisimama chini yake, amelowa chapachapa, akiangalia juu bila kusema kitu.

Kipimamvua kilisoma milimita 24. Kwa hesabu yetu tulistahili kama lita 10,000. Matangi yameunganishwa kwa chini, hivyo yanapanda pamoja, na kila sentimita ya kina ni lita 114. Yalipanda sentimita 61, karibu lita 6,950. Elfu tatu zimetupotea konani.

Wiki ya 14

Mitihani imeanza na ukarabati umefanyika kandokando yake, asubuhi na mapema ili nyundo zisiwasumbue watahiniwa. Paipu ya konani imebadilishwa ikawa pana, mdomo wake umevishwa kikapu cha waya, vishikizo vimekaribiana. Matawi ya mkungu yaliyo juu ya paa tumeyapunguza. Mti wenyewe sikukubali ukatwe, kwani kivuli chake ndicho ukumbi wa kusomea wa watu wasiopungua thelathini.

Mwanafunzi aliyekuwa amefunga kile kishikizo kilichong'oka alikuja ofisini kuomba radhi. Nilimwambia atie kosa hilo kwenye ripoti yake, na picha, na hesabu ya uzito wa maji kwenye gata iliyoziba. Ameliandika vizuri kuliko ukurasa mwingine wowote.

Jumatano usiku ilinyesha tena, milimita 31. Safari hii tulitarajia lita 13,000. Matangi yalipanda sentimita 110, yaani lita 12,540. Fundi mkuu aliniletea kipande cha karatasi chenye tarakimu hizo, akakiweka mezani kwangu, akatabasamu. Kwa miaka mitatu nilikuwa sijaliona tabasamu hilo.

Mitihani ya saa mbili asubuhi haijapata mchelewaji hata mmoja kutoka bweni la wasichana.

Wiki ya 16, ofisini, kampasi ikiwa tupu

Wanafunzi wameondoka juzi. Orodha ya alama zinazokosekana ina majina 5 kati ya yale 52. Watatu karatasi zao hazijaonekana popote, na kwao nimeomba wapewe nafasi ya kurudia mtihani bila ada. Sitaki kuliita hilo suluhisho. Wamefanya mtihani wao, nasi tumeupoteza. Nimewaandikia barua kila mmoja kuwaambia hivyo.

Bweni la wavulana bado. Wao wana tangi kama lile la zamani na walinyamaza muhula mzima wakiona matangi ya dada zao yanapanda. Mwenyekiti wa wanafunzi alinijia wiki iliyopita kwa adabu kubwa, akauliza kama zamu yao itafika. Itafika. Fungu la lango halikwisha, limebaki theluthi moja, na kikao kimekubali liende huko.

Langoni, kwenye mlango wetu uleule wa chuma ulioota kutu, nilisimama jana na mzee wa mkokoteni. Mitungi yake imepungua wateja upande huu, na nilikuwa na uzito wa kumtazama. Tukasalimiana. "Nasikia mna maji," akasema. Nikamweleza matangi, paa, hesabu. Akasikiliza yote. Kisha akauliza swali moja: mvua ikikata, matangi hayo yanakwenda siku ngapi? Nikamwambia, yakiwa yamejaa bila maji ya mji, siku nane. "Haya," akasema, akashika mikono ya mkokoteni wake. "Januari niko hapa."

Ana haki. Mwezi wa Januari na Februari hapa hakunyeshi cha kutegemea, na bomba la Baricho likikatika wiki mbili, wasichana watarudi kwenye kopo. Nimeomba paa la maktaba na la ukumbi mkubwa yapimwe pia, na tangi la ardhini la zamani lichimbwe upya na kupanuliwa. Barua imeshatoka.

Jumatatu saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, napanda paa la bweni la wavulana na fundi mkuu. Ngazi ameshaisimamisha. Utepe ninao mimi.